Wifi, Upawa na Vali ya Tangi la Pili

Kwa jina la Mungu aliyeyatenga maji na kuyawekea mpaka yasiuvuke, naanza. Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, wake kwa waume, nyinyi mnaofungua bomba asubuhi bila kumkumbuka aliyelifunga jana! Zimeni redio, epueni sufuria kama imechemka, kisha mnitegee sikio, kwa maana nina habari ya vita. Wala sikuipata kwa kusimuliwa. Nilikuwapo mimi mwenyewe, na ndoo yangu na tambara langu la deki, hatua nne kutoka uwanja wa mapambano.

Shujaa wa vita hivi ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, Mungu amlaze mahali pema. Ni mwanamke mpana wa mabega na mkali wa maneno, Mshika Gurudumu, Mlinzi wa Sabuni, ambaye kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya vali ya Tangi la Pili katika kiwanda cha sabuni ya maji, akiifunga na kuifungua, akiifunga na kuifungua, na hakuna chupa ya Tangi la Pili iliyotoka mlangoni bila kupita chini ya mkono wake.

Na adui? Adui alikuwa vali ile ile. Ilikaa juu ya bomba lililolala ukutani usawa wa kifua, ikavaa gurudumu jekundu la chuma mfano wa usukani wa lori. Kuifunga ilitaka mizunguko saba, kuifungua mizunguko saba, na katika mizunguko yote hiyo sura yake haikubadilika hata kidogo. Imefungwa, duara. Imefunguliwa, duara. Ungeikodolea macho mpaka yakatoa machozi, isingekuambia kitu.

Juu ya tangi, kwenye jukwaa la vyuma, mota ya kukorogea ilinguruma kutwa, na kando yake alisimama mkorogaji, kijana wa kifua kikubwa tuliyemwita Tarumbeta. Yeye alikiona kipimo cha sabuni. Wifi, huko chini, aliona bomba tu. Kwa hiyo Tarumbeta aliamuru na wifi akatii. Na amri katika ufalme ule zilikuwa mbili: "Funga!" na "Fungua!"

Hapo ndipo ilipojificha hila. Kati ya maneno yale mawili pana u moja tu, nyembamba kama uzi wa kushonea, na mota ile ilikuwa ikiila u hiyo kila siku kama panya na mkate, na siku nyingine ikiitema mahali isipotakiwa. Na sikio la kushoto la wifi, baada ya miaka kumi na tisa ya ngurumo, lilikuwa limekwisha kustaafu bila kumuaga mwenyewe.

Basi ikawa Jumatatu, Tarumbeta akapaza "Funga!" nayo ikafika chini "Fungua!" na wifi, mtiifu, akazungusha mpaka mwisho. Sabuni ya kijani yenye harufu ya ndimu ikalijaza beseni lililokaa chini ya bomba, ikaruka ukingo, ikatambaa sakafuni mfano wa jeshi lisilo na haraka. Nami, mpiga deki wa kiwanda, naungama, nikaikabili kwa ndoo tatu za maji. Maji, juu ya sabuni! Povu likainuka, likatumeza miguu, likafika magotini, na watu wa kujaza chupa wakapanda juu ya makreti wakicheka kama waliofika harusini.

Jumatano yakaja mafuriko ya pili, na safari hii Meneja alikuwa anapita. Viatu vyake vya ngozi viliingia povuni viwili, kikatoka kimoja. Cha pili tulikipata saa kumi, karibu na mlango wa kupakilia.

Meneja akasimama kwa mguu wa kiatu na mguu wa soksi, akatoa hukumu mbele ya majeshi yote.

"Mama," akasema, "nakuheshimu. Ulikuwa hapa mimi nikiwa bado shule. Lakini sikio lako litatuzamisha. Ijumaa ndiyo mwisho. Wiki ijayo nenda kapumzike nyumbani, nitamweka hapa mtu mwenye masikio mawili."

Kapumzike! Nilimtazama wifi usoni. Tusi angelirudishia tusi, lakini neno lile la heshima lilimwingia kama mwiba, asijue aanzie wapi kulichomoa. Tunakaa nyumba moja, najua: mwanamke huyu siku ya mapumziko hupanga vijiko kwa urefu. Umkalishe wiki nzima, umkalishe mwaka, na watu wapite dirishani wakisema yule ndiye kiziwi aliyemwaga sabuni!

Kisha akajikohoza, akapangusa mikono kwenye aproni, akanena.

"Meneja, baba yangu, wewe una masikio mawili, sivyo?"

"Ninayo."

"Na macho mawili?"

"Ninayo, mama."

"Basi tazama hilo gurudumu. Usiliguse. Niambie, sasa hivi limefungwa au limefunguliwa?"

Meneja akatazama. Akainama, akainuka, akatazama upande wa pili. Povu likamtambaa kwenye soksi.

"Limefunguliwa," akasema.

"Limefungwa," akasema fundi wa mitambo, Fundi Spana, aliyekuwa nyuma yake.

"Mnabahatisha wote wawili!" akanguruma wifi. "Fundi na mkubwa wake, macho manne, na hamjui! Mimi mnaniachisha kazi kwa sikio, kumbe vali yenu ni bubu. Kitu cha kuzuia maji ambacho hakisemi kama kimeyazuia, hicho ni mlinzi au ni pambo? Nipe mpaka Ijumaa saa nane."

Mtu mwenye kiatu kimoja hana nguvu ya kubishana. Meneja akakubali.

Alhamisi tukaingia stoo, pango la Fundi Spana, kati ya milima ya gasketi na mabonde ya nati. Wifi akapekua sanduku baada ya sanduku, hata chini kabisa akaiona imelala: vali ya shaba, fupi, mpya, imefunikwa vumbi kama mateka aliyesahauliwa. Ndani yake mlikuwa na tufe lenye tundu katikati. Ukiligeuza robo ya mzunguko, tundu linaitazama njia, sabuni inapita. Ukiligeuza robo tena, tundu linatazama pembeni, sabuni inakoma. Robo tu! Mizunguko saba ya yule jeuri ikawa robo moja.

"Na hii mbona mmeizika?" akauliza wifi.

"Haina mpini, dada. Ulivunjika njiani. Nimeagiza mwingine tangu mwaka juzi."

"Mpini wa namna gani?"

"Chuma kirefu, kisichopinda. Kama mkono hivi."

Wifi akanigeukia polepole. Nikalijua neno lake kabla hajafungua mdomo.

"Wifi, upawa wako."

"Upawa wangu una nini?"

"Una shingo nzuri."

"Na mchuzi nitapakua kwa nini, kwa dua?"

"Kwa kikombe. Dua tutaihitaji hapa."

Fundi Spana akacheka mpaka akashika rafu. "Vali si sufuria ya maharage, jamani!"

"Ndiyo maana sikukuomba mwiko," akasema wifi.

Ijumaa ikapambazuka. Nikaufunga upawa ule kwenye kanga safi. Ulikuwa wa chuma kizito, niliununua mwaka niliolewa. Nikauombea kama mzazi anavyomwombea anayekwenda vitani, nikaukabidhi. Saa ya chakula mota ikazimwa, sabuni yote ikashushwa, na Fundi Spana akalikata gurudumu jekundu pamoja na vali yake kutoka kiti chake cha enzi. Likaanguka sakafuni kwa kishindo, likabingirika, likalala chini ya benchi, na hakuna aliyelilia.

Akautoboa upawa kwa drili, akauvalisha juu ya shina la vali, akaukaza kwa nati. "Tayari!" akasema, akijipangusa jasho kwa fahari.

Lakini wifi hakuipokea. Akaingiza kidole kwenye kinywa cha vali, ambayo ilikuwa bado haijaunganishwa na bomba, akapapasa, akakunja uso.

"Fundi, hapa upawa umelala kulifuata bomba. Sabuni inapita?"

"Hapana, hapo imefungwa. Ukiuinua ndiyo inapita."

"Basi umenitengenezea mwongo. Tundu limekaa huku, upawa umekaa kule. Mpini na ufuate tundu! Tundu likilala na njia, upawa ulale. Tundu likiikataa njia, upawa usimame uikatae nao."

"Inafanya kazi vilevile, dada."

"Kwa mkono, ndiyo. Kwa jicho, hapana. Na jicho ndilo lililobaki kwangu."

Fundi Spana akaingiza kidole chake mwenyewe, akalipapasa tundu. Kisha akailegeza nati, akaugeuza upawa robo, akaukaza tena, akaiunganisha vali na bomba. Nilimwona akirudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi yake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Wifi akapanda jukwaani kwa Tarumbeta.

"Kuanzia leo, funga na fungua zimekufa hapa. Ukitaka sabuni ipite, sema 'Laza!' Ukitaka ikome, sema 'Inua!' Na mkono wako ufanye hivyo hivyo, mimi niuone."

"Shangazi, miaka kumi nimesema funga. Ulimi umezoea."

"Basi mkono wako ujifunze, ulimi utaufuata ukipenda."

Ikafika saa nane. Meneja akaja amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, jambo lililotuambia imani yake ilikuwa kiasi gani. Watu wa chupa wakapanda juu ya makreti mapema, wachague nafasi. Mimi nikasimama na ndoo yangu, tupu safari hii, midomo ikienda kimya kimya. Mota ikanguruma. Tarumbeta akaulaza mkono wake, wifi akaulaza upawa, na sabuni ikaja, kijani, nzito, ikilijaza beseni kuelekea mstari mweupe uliochorwa ndani yake.

Ikapanda. Ikakaribia mstari. Na hapo Tarumbeta, masikini, akasahau yote, akatumbua macho na kupaza lile neno la zamani, na mota ikaila u yake, au haikuwa nayo tangu mwanzo, Mungu ndiye ajuaye.

"Amesema fungua!" akapiga kelele Meneja.

"Funga! Amesema funga!" akapiga kelele Fundi Spana.

Masikio manne mazima, neno moja, na vita! Meneja akaurukia upawa, mkono mbele, aufungue. Lakini mkono ukasimama hewani. Akautazama upawa. Ulikuwa umelala kando ya bomba, mrefu, umenyooka, ukimeta.

"Mbona imekwisha kufunguliwa?" akasema. "Basi... basi amesema funga!"

Enyi mnaosikia, hapo ndipo ngome ilipoanguka. Mtu yule yule aliyeitazama vali Jumatano asijue kitu, Ijumaa aliitazama mara moja akajua. Na wifi? Wifi hakusikia funga wala fungua, wala kelele za hao wawili. Alikuwa ameuona mkono wa Tarumbeta ukiinuka, umekumbuka kabla ya ulimi. Kwa kidole kimoja, kidole kimoja tu, akauinua upawa. Sabuni ikakatika kwenye mstari. Tone moja likaning'inia kwenye mdomo wa bomba, likatetemeka, kila mtu akalitazama. Likabaki pale pale.

Meneja akachungulia chini ya mabuti yake. Pakavu.

"Mama," akasema polepole, "Jumatatu uje mapema. Kuna Tangi la Kwanza na la Tatu. Utamwonyesha Fundi mpini unavyokaa."

"Na kupumzika je, baba yangu?"

"Nani alisema kupumzika?"

Makreti yakalia kwa vigelegele. Nami nikasogea karibu na sikio lake la kulia, lile zima.

"Wifi, na upawa wangu nitarudishiwa lini?"

Akautazama, umesimama wima juu ya bomba, kichwa juu kama askari wa zamu.

"Upawa wako, wifi," akasema, "umeajiriwa."

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe: kwamba siku ya Ijumaa, saa nane na dakika kumi, baada ya mafuriko mawili na kiatu kimoja, vali ya Tangi la Pili ilisema kwa mara ya kwanza, ikasema kweli, na sakafu ya kiwanda ikabaki kavu toka mlango hadi mlango. Jioni ile nilianika tambara la deki ambalo halikuwa na maji, nikapakua mchuzi kwa kikombe, nusu ukamwagika mezani. Tulimshukuru Mungu, tukaufuta.