Barua Saba za Maiti

Jumatatu, 14 Agosti 2017

Orodha ya tamthilia ya mwisho wa mwaka imebandikwa. Mimi: Maiti. Mwaka jana nilikuwa Yaya, nikasema "Ndiyo, bibi" mara mbili. Yaani nimeshuka cheo! Exaucé wa Bukavu ni Askari wa Mlangoni kwa mara ya nne. Chuo kimeacha hata kumpa sare, anavaa ya baba yake. Sote wenye lafudhi za kutoka kaskazini ya mto Limpopo ni hivyo hivyo: mlangoni, jikoni, jenezani. Profesa Steyn, mkuu wa idara ya maigizo, anasema watazamaji lazima waamini wanachokiona. Exaucé kaniambia, dada Nusaiba, nenda wewe ukalalamike, Kiingereza chako kimenyooka. Mimi! Juzi tu nilishindwa kumwambia dereva wa teksi anishushe kwenye robot, ndiyo taa za barabarani za huku, nikapitilizwa mpaka Turffontein.

Lakini nina mpango. (Naandika Kiswahili, darasani wasisome. Exaucé tu ndiye anaweza. Nimfiche daftari.)

Jumanne, 15 Agosti

Nimeandika barua saba za malalamiko. Jina langu halimo hata moja. Mtu mmoja akilalamika ana gubu. Saba ni umma. Thandeka, Pieter, Célestine na wengine wanne, wote wazaliwa wa kichwani mwangu. Kalamu tofauti. Pieter anaandika kwa mkono wa kushoto. Na zote nimezianza kwa adabu, 786 juu kabisa, nambari ya Bismillahi, kama Baba anavyoandika dukani kwake hapa mjini, mtaa wa Mayfair. Barua isiyo na 786, asema Baba, haina baraka, wala haifiki. Nimezitumbukiza kwenye sanduku la malalamiko saa ya chakula. Akili hizi nimezirithi kwa nani?

Jumatano, 16 Agosti

Eish.

Bi Zubeda, karani wa idara, mtu wa Tanga, tunaswali msikiti mmoja, kaniita ofisini. Barua zote saba mezani. Kaniuliza kwa upole, mwanangu, huyu Pieter kasilimu lini? Nikasema sijui. Na Célestine je? Nikasema labda wameoana. Alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Kisha akaacha kucheka. Kesho Profesa anawaita waandishi mbele ya idara nzima. Wasipojitokeza, barua zinatupwa na orodha inabaki. Yeye hatanitaja, kasema. Mdomo ninao, niseme mwenyewe.

Sijala.

Alhamisi, 17 Agosti

Profesa akamwita Thandeka. Kimya. Pieter. Kimya. Mpaka wa saba. Akaanza kuzikusanya barua azitupe. Miguu yangu ikasimama, nami nikaifuata. Nikasema ni mimi, wote saba. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasema hapa nimefundishwa kulala chali tu, na hilo nilikuja nalo kutoka nyumbani. Wakacheka tena, ila safari hii upande wangu! Exaucé akasimama na sare ya baba yake, akasema barua ya nane ni yake, ni uvivu tu hakuiandika. Akasimama mwingine. Na mwingine. Kumi na mmoja, mmoja wao msichana wa Soweto ambaye sijawahi hata kumsalimia.

Profesa alifuta miwani muda mrefu. Kisha akaibandua orodha kwa mkono wake. Majaribio upya kesho: nafasi yoyote, kila mtu na lafudhi yake.

Nilitoka nikaenda kulia chooni. Kwa raha.

Jumatatu, 21 Agosti

Exaucé ni Hakimu! Mlangoni kawekwa kijana wa Sandton, kwa matajiri, tayari analalamikia miguu.

Mimi: Daktari. Mistari arobaini na miwili. Mbele kabisa, taa usoni. Baba kaalika nusu ya Mayfair.

Arobaini na miwili! Kwani sisi wenye haya hatuna haki? Huu nao ni ubaguzi. Maiti, tuseme kweli, alikuwa na raha zake.

Nimeandika barua, bila jina, kwa niaba ya wanafunzi tisa. Kosa la juzi sirudii: 786 nimeiacha kabisa. Nimeandika Bismillahi yenyewe, kamili, kwa Kiarabu, hati nzuri ya madrasa.

Sasa nani atajua ni mimi?