Wanafunzi wa Chuo Wanaouliza Mgonjwa Anaendeleaje

Kwa Mchungaji, mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nakuandikia kwa heshima zote zinazomstahili mtumishi wa madhabahuni, na kwa uhuru kidogo wa mkunga aliyekushika kichwa chini miguu juu siku uliyozaliwa ukagoma kulia. Ningekuja ofisini kwako, lakini najua utanipa kiti, utaniuliza habari za magoti, na mpaka nimalize habari za magoti hasira itakuwa imeniisha. Hasira hii bado naihitaji, ndiyo maana nimeiweka kwenye karatasi.

KUH: KUWAONDOA WANAFUNZI WA CHUO KATIKA UONGOZI WA IBADA

Baraza la wazee linakutana Jumapili hii baada ya ibada kuamua kama wanafunzi waendelee kutuongoza, au warudi nyuma wakae kimya kama wageni wenye adabu. Naomba barua hii isomwe kwa sauti. Ulipotuambia kwamba ibada yetu imepoa, na kwamba umewaalika vijana wa chuo cha jirani waje waichangamshe, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilidhani wataleta gitaa. Kwa gitaa nilikuwa tayari, hata pamba ya masikio nilishaikata. Hawakuleta gitaa, Mchungaji. Wameleta maswali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanakaa benchi la mbele. Unajua wewe, kama alivyojua aliyekutangulia, kwamba benchi lile ni la heshima, na heshima yake ni kutokaliwa na mtu. Waumini wetu hujaza kanisa kuanzia nyuma, na mchelewaji ndiye anayeadhibiwa kwa kusogezwa mbele. Ndiyo siri ya watu wetu kuwahi ibada. Mimi niliyepewa jina la Bibi Mlango kwa kusimama pale mlangoni najua ninachosema. Hawa vijana wanaingia, wananiamkia, wanapita mabenchi yote, wanakwenda kuketi mbele kabisa, kisha wanageuka na kututabasamia. Zamani ulihubiri ukiitazama saa iliyo juu ya mlango, nami nikidhani unanitazama mimi. Sasa unawatazama wao, na mahubiri yameanza kueleweka. Watu walikuwa wameuzoea muda ule kwa kufikiria mambo ya nyumbani kwao. Wayafikirie saa ngapi?

2. Wanasoma nyimbo kabla ya kuziimba. Wimbo wetu wa kufungulia ibada tumeuimba miaka yote kwa mwendo wa kusindikiza jeneza, na hakuna aliyelalamika. Kijana mmoja mrefu, yule anayesomea mambo ya maji, tunayemwita Mnara, akasimama akauliza kwa adabu sana kwa nini tunauimba kama tumefiwa. Kiongozi wa kwaya akamjibu kwamba ndivyo wimbo ulivyo. Kijana akaomba tuusome kwanza. Tukausoma. Mchungaji, kweli unasema tushangilie. Tangu siku hiyo siwezi kuuimba kwa amani.

3. Maombi ya wagonjwa. Hapa naomba msomaji wa barua anywe maji kidogo, na yule mzee wa baraza mwenye duka la vifaa vya ujenzi aache kusinzia.

Maombi hayo ni yangu. Kila Jumapili natoka mlangoni, nakwenda mbele, namtaja kwanza kaka yangu fundi baiskeli anayeumwa mguu, kisha wengine, na kanisa zima linaitika Amina. Namtaja kwanza kwa kuwa ni kaka yangu wa tumbo moja, na kwa kuwa hatusemezani. Mama yetu alipofariki, kaka alichukua sufuria kubwa, lile ambalo mama alipikia wageni wote wa ukoo, akalipeleka kwenye karakana yake na kulowekea humo minyororo ya baiskeli kwa mafuta ya taa. Minyororo, Mchungaji! Mimi nikaacha kwenda kwake. Baadaye akaanguka, akaumia mguu, naye akaacha kuja kanisani. Sikuwa na la kumwambia, basi nikaanza kumwombea. Ulikuwa mpango mzuri, na kila mmoja alibaki kwake.

Sasa binti mmoja kati yao, anayesomea uuguzi, mfupi, mpole wa sauti, akanifuata baada ya ibada na kuniuliza mguu wa kaka yangu unaendeleaje. Nikamwambia unaombewa. Akasema hilo amelisikia, ila anataka kujua kidonda kimefungwa na nani na kimefikia wapi. Mimi, niliyemaliza ujana wangu wodi ya wazazi, niliyewafokea madaktari kwa kutojua hali za wagonjwa wao, nikaulizwa hali ya mgonjwa nikabaki kukunja na kukunjua leso.

4. Wakaenda kumwona. Hakuna aliyewatuma. Wamejianzishia utaratibu kwamba anayetajwa kwenye maombi atembelewe kabla ya Jumapili inayofuata, kana kwamba Mungu hajui watu wanapoishi. Wakamkuta kaka yangu anajaribu breki za baiskeli ya mteja, anateremka mlima huku ameachia mikono, mtu mzima na mvi zake. Amepona! Alishapona siku nyingi, hata ilimbidi afikiri kwanza ndipo akakumbuka ni mguu upi. Na mimi kila Jumapili nampeleka mbele za Mungu akichechemea. Mgonjwa anayepona bila kutoa taarifa ni mtovu wa nidhamu, na wodini kwangu asingepita getini.

5. Ikabainika kwamba wote mlijua. Huyo mwenye duka alimpelekea baiskeli Ijumaa, na Jumapili akaitika Amina ya kutikisa mabati. Kiongozi wa kwaya alizibiwa pancha na mgonjwa huyohuyo. Nawe, mwanangu, breki za baiskeli yako nimezikagua pale ulipoiegesha, na hakuna fundi mwingine anayekunja waya namna ile. Nilipouliza mbona hamkuniambia, mkasema mliona vibaya kunikatiza nikiwa katika maombi. Kumbe kanisa zima lilikuwa linamwombea mtu mwenye afya yake ili mimi nisinune. Umoja wa namna hiyo haupatikani hivi hivi, na hawa vijana wameuvunja kwa swali moja.

6. Wakaniletea ujumbe wake. Nisingeliandika hili, ila nimeahidi kueleza yote. Walimuuliza kwa nini harudi kanisani, akawaambia kwamba huwa anakuja. Kila Jumapili huegesha baiskeli nje, upande wa lile dirisha lililovunjika kioo, anasubiri maombi ya wagonjwa, anasikia dada yake anamtaja, kisha anaondoka kabla ya sadaka. Ndani haingii, kwa sababu mlangoni nipo mimi. Akawaambia pia kwamba hakuleta habari za kupona kwake kwa kuwa alijua akipona sitamtaja tena.

Niliumia, Mchungaji. Naliandika neno lilivyo. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa, na yule binti muuguzi akakaa pembeni yangu bila kuuliza kitu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Kwa sababu hizo, naliomba baraza liamue yafuatayo: wanafunzi warudishwe nyuma. Wasiruhusiwe kuuliza lolote mpaka wamalize masomo, na wakimaliza wasiwe na haja ya kuuliza. Wagonjwa wote watakaopona watoe taarifa mapema. Na maombi yenyewe yapunguzwe kwa muda, kwa kuwa imethibitika kwamba yanajibiwa, na kanisa letu halina utaratibu wowote wa kupokea majibu. Baraza likinikatalia, nitauacha mlango, na hapo tutaona nani atawapanga watu.

Nisalimie mkeo, watoto, mlinzi, wazee wote wa baraza, na kwaya nzima pamoja na kiongozi wake mwenye baiskeli nzima.

Nabaki mama yako katika imani, niliyekupiga kofi la kwanza hapa duniani, na nguvu za la pili bado ninazo,

Bibi Mlango

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha wakabisha hodi. Nafungua, ni wanafunzi, na Mnara na yule binti wamebeba sufuria la mama, kila mmoja amelishika sikio moja. Wamelisugua kwa mchanga na majivu hadi nikaiona sura yangu ndani, imevimba macho. Nyuma yao alikuwa kaka yangu, anasukuma baiskeli, anatazama chini. Alichosema ni kwamba bado linanuka mafuta ya taa kidogo. Nikamtazama miguu, wa kulia na wa kushoto. Ni mizima. Nikamwambia aache kusimama nje kama mgeni, akaingia, chai nikaichemshia humo humo sufuriani, tumeinywa ikinuka mafuta ya taa, na hakuna aliyeiacha.

Ningeichana barua hii, ila pale pa breki nataka upasome. Barazani usiipeleke. Nasikia chuo kinafunga wiki ijayo vijana waende makwao. Tafadhali mwandikie mkuu wa chuo asifunge. Na kwa Jumapili hii tafuta mtu mwingine wa kusimama mlangoni. Mimi nitakuwa benchi la mbele na kaka yangu, kwa hiyo waambie wanafunzi watusogelee.