Kamati ya Zana Stahiki na Mashimo ya Pembe Nne

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Kamati ya Zana Stahiki za Kazi, ambayo mimi ni katibu wake, imekamilisha uchunguzi wa swali zito: je, uhuru wa programu ya kompyuta unahusika kwa namna yoyote na kuchagua chombo cha kazi? Jibu ni hapana. Nitaeleza tulivyolipata.

Dhahabu ilipolipuka upande wa Kemambo, mwenyekiti wetu, Mzee Mokami, aliagiza kila shimo lichorewe ramani ya mpaka. Ambaye Ijumaa saa sita mchana itamkuta hana ramani yenye mhuri, shimo lake linakwenda kwa jirani. Mama Waisiko, mjane, alikuwa amechimba lake miezi saba. Jirani yake alikuwa Mzee Mokami. Mambo hutokea.

Programu tuliyoletewa ilikuwa ya heshima. Imefungwa, hakuna ajuaye ndani kuna nini, na huo ndio usalama wenyewe. Ilitengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mjini, kwa hiyo ilidai pembe nne. Mashimo yalikuwa ya mviringo. Kamati ikaelekeza yachimbwe upya.

"Yaani mwamba ndio uitii kompyuta?" Waisiko akaniuliza.

"Utaratibu, mama."

"Wewe ushawahi kushika nyundo, Bwana Katibu?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

Waisiko akashuka Bomani kwa binti Boke, fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya duka la mbegu. Boke hutumia programu huria: unaifungua, unaitengeneza upendavyo, unamgawia na jirani. Alikaa nayo asubuhi moja tu, ikakubali mviringo. Wakaja wote wawili ofisini na ramani.

"Hii programu mwenyewe nani?" akauliza Mzee Mokami.

"Yeyote anayeitumia, mzee," akajibu Boke. "Ni kama nyundo. Mpini ukilegea unaugongea kabari mwenyewe, humwandikii barua aliyekuuzia."

"Nyundo isiyo na mwenyewe imeibwa mahali."

"Na ya kwenu ikigoma?"

"Yetu haigomi, binti. Ina leseni."

Tukaikataa ramani. Na kwa kuwa kwetu hata karatasi ya kukataliwa hugongwa mhuri kwanza, ndipo ikataliwe kihalali, nikaugonga katikati, ukakolea. Wachimbaji wengine wakaiga. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimekataa ramani thelathini na nane, zote kwa mhuri.

Ijumaa saa tatu asubuhi kompyuta yetu ikatujulisha kwamba leseni imekwisha. Tukapiga simu Dar kwa waliotuuzia. Tukaambiwa tuandike barua.

Saa sita kamili akaingia mkaguzi kutoka mkoani, Mama Felistas, akasoma agizo letu neno kwa neno. Akaomba ramani zenye mhuri. Waisiko akatoa yake, wenzake wakatoa zao.

"Yako, Mzee Mokami?"

"Imo humo ndani," akasema mwenyekiti, akionyesha kioo cheusi. "Ina pembe nne safi kabisa."

"Basi shimo linakwenda kwa jirani," akasema mkaguzi, akiandika jina la Waisiko.

Jumatatu Mzee Mokami alionekana kwenye foleni ya Boke, akitaka kuandikiwa rufaa.

"Shikamoo mzee," Boke akamwamkia kwa adabu. "Hilo shimo lilikuwa na pembe ngapi?"

Kamati inasisitiza kwamba jibu linabaki hapana. Tangazo hili limechapwa kwa Boke, maana barua yetu bado haijajibiwa.