Chai ya Kungoja Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Bosi ametangaza kwamba Faili Kuu litavunjwa.

Niandike kwa utaratibu maana hasira haijashuka. Programu yetu ya maghala ina sehemu nyingi: mapokezi ya mizigo, stoo, magari, ankara, na nyingine ambazo hata Bosi hazikumbuki. Ukigusa chochote, kompyuta lazima iijenge programu yote upya, na maelekezo ya kuijenga yamo ndani ya faili moja refu. Tuliliandika mimi na Pacha, enzi za chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Feni moja, kompyuta moja, kiti kizima kimoja. Pacha hakuwa ndugu yangu wa damu. Tulipewa jina hilo kwa sababu ya kugombania kile kiti.

Mvunjaji ni Dada Droo. Jina nimempa mimi. Mgeni kazini, bado yuko kwenye majaribio, na kila akifungua mdomo anasema kitu kiwekwe kwenye droo yake. Anataka kila sehemu iwe na faili lake dogo, yale yanayofanana yakae kwenye faili moja la pamoja, na kompyuta ijenge kilichobadilika tu. Bosi alitikisa kichwa kukubali mpaka nikaionea huruma shingo yake.

Nikauliza ujenzi utachukua muda gani. Dada Droo akajibu, tena kwa fahari, kwamba utakwisha kabla maji ya chai hayajawahi kuchemka.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Ofisini kwetu chai hunywewa kompyuta ikiwa inajenga. Unabonyeza, unainuka, unawasha birika. Hakuna anayeweza kufanya kazi, basi watu wanaongea. Kule juu ya cherehani Pacha alinisimulia ndoa yake yote, toka posa hadi mtoto wa kwanza, kipande kwa kipande, ujenzi baada ya ujenzi. Fundi wa chini akisikia kompyuta inaunguruma, alipanda na kikombe chake. Nilikuwa na furaha siku zile, wala sikujua kama ndiyo yenyewe.

Pacha ametutoka. Kikombe chake bado kipo kabatini, kishikio kimevunjika.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: nimzamishe. Nimempa Dada Droo Faili Kuu lote bila maelezo, nikakaa kusubiri aje kuniangukia miguuni. Wote huja. Ndiyo kazi yangu hapa. Imegoma, Mjomba, njoo uione. Mjomba, tumekwama. Siku nzima mlango wangu haufungwi.

Hakuja. Alilisoma kama anasoma gazeti. Alasiri akaja na swali moja tu: yale maneno ya kawaida katikati ya maelekezo, ambayo kompyuta huyaruka, ni ya nini? Mathalani pale palipoandikwa, Mjomba usiguse hapa, nimeenda kununua sukari. Akauliza kama anaweza kuyafuta.

Ni mwandiko wa Pacha. Tuliachiana maagizo humo humo kwenye faili.

Nikamwambia kwamba yana umuhimu wa kiufundi. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Jumatano, 5 Machi

Mafaili madogo yameanza kazi. Ujenzi ulikwisha kabla sijapata kijiko. Watu wakapiga makofi, kisha wakaendelea kuchapa. Hakuna aliyeinuka. Fundi Mitambo, anayetutunzia seva, hata vile vidude vya masikioni hakuvitoa.

Nikachemsha maji peke yangu. Nikanywa kikombe changu, halafu nikanywa cha Pacha. Sijawahi kunywa chai mbaya kama ile, na majani ni yale yale.

Ndipo likanijia wazo. Zuri mno! Kuna amri inayoiambia kompyuta isimame ingoje kidogo kabla ya kuendelea. Mstari mmoja tu. Muda wa kikombe kimoja, bila pupa. Nimeuchomeka kwenye faili la pamoja, chini kabisa, pasipo na mtu wa kupachungulia. Mabadiliko lazima yapitishwe na mtu wa pili, basi nikamwomba Mchoraji, anayebuni sura ya kurasa zetu, ambaye hupitisha chochote mradi umwache na rangi zake. Nimeyaita marekebisho madogo.

Mke wangu ameniuliza mezani kwa nini natabasamu. Nikasema kazi imekwenda vizuri. Akasema mara ya mwisho nilipotabasamu hivi, nyumba ilikaa wiki nzima bila maji, na mpaka leo bomba lile linavuja.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Kwenye Faili Kuu, mstari mmoja ulikuwa mstari mmoja. Mimi nimezoea hivyo. Sikujua kwamba kila faili dogo hurithi kila kitu kilichomo kwenye faili la pamoja. Kwa hiyo mapokezi ya mizigo yakangoja kikombe kimoja. Stoo ikangoja chake. Magari chake. Tena kwa foleni, mmoja akimsubiri mwenzake, sehemu zote hadi zile zilizosahauliwa. Na kesho asubuhi mteja anapokea toleo jipya.

Hadi saa sita mchana bado inajenga. Bosi kasimama mbele ya skrini ya ukutani, mikono kiunoni. Dada Droo kageuka rangi. Kila mtu kwa wasiwasi anabonyeza tena kwenye kompyuta yake, kana kwamba kubonyeza kunasaidia, na kwa kuwa seva ni moja, foleni inazidi.

Lakini watu waliinuka! Hawakuwa na la kufanya. Birika likawashwa, likajazwa tena. Mhasibu akatusimulia mama mkwe wake alivyokuja kwa siku mbili mwaka jana na bado yupo. Fundi Mitambo, miaka yote hii tuko naye, kumbe huimba kwenye maharusi. Akaombwa, akaimba. Nilicheka hadi machozi. Sijapata alasiri kama ile tangu chumba cha juu ya cherehani. Niligeuka upande wa kulia nimwambie Pacha, kisha nikakumbuka.

Baadaye Bosi akamwita Dada Droo ofisini kwake. Mlango ni wa kioo, hatukusikia kitu ila tuliona. Alipotoka, Bosi akatutangazia kwamba kesho asubuhi hali ikiwa hivi hivi, tunarudi kwenye Faili Kuu, na majaribio ya mtu fulani yatakuwa yamefika mwisho.

Nimeshinda. Nilitegemea nitajisikia vizuri zaidi. Dada Droo aliosha kikombe chake, kisha akaosha na kile kisicho na kishikio, akakirudisha mahali pake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika kabla ya wote. Mpango: nifute mstari, nikae, nishangae pamoja na wenzangu mambo yanavyojinyoosha yenyewe.

Nimeufuta. Nimebonyeza. Kumbe na kufuta nako hupanga foleni! Nyuma ya bonyeza-bonyeza zote za jana, kila moja na vikombe vyake. Na skrini ya ukutani huonyesha foleni nzima: jina la mtu na alichobadilisha. Kwa haraka yangu nilikuwa nimeandika ukweli. Pale juu, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni: Mjomba, kuondoa subira ya chai.

Nilijaribu kusimama mbele ya skrini. Skrini ni pana kuliko mimi.

Bosi akaingia, akasoma. Mhasibu akasoma. Mchoraji akasoma kwa sauti, hana adabu. Dada Droo akasoma mara moja, akakaa, akaifuta foleni yote, akaacha badiliko langu peke yake, akalipitisha. Likajengwa. Maji hayakuwahi kuchemka. Mteja akapata toleo lake.

Bosi alinichukua pembeni, akasema kwamba nisingekuwa mwandishi wa mstari wa kwanza wa programu hii, leo ningekuwa natafuta boksi la kubebea vitu vyangu. Dada Droo akaingilia, akasema faili la pamoja lilitakiwa kuwa na kufuli tangu mwanzo, na hilo ni juu yake. Bosi akaagiza liwekwe, na mimi nisipewe ufunguo.

Halafu akaniuliza, yeye Dada Droo, kwa nini sikusema tu kwamba nataka tunywe chai. Nimeshughulika na kompyuta umri wangu wote, swali rahisi namna ile sijawahi kuulizwa.

Akanifungulia faili la pamoja. Juu kabisa, kabla ya agizo lolote, yamo maneno yote ya Pacha. Hakuacha hata moja. Sukari, kiti, fundi wa chini anadai kikombe chake. Chini yake ameandika: haya yasifutwe.

Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Nilirudi nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa chai ipo rasmi. Kila siku asubuhi, kompyuta ijenge isijenge. Wote wanakuja, hata Bosi. Mimi ndiye msimamizi, kwa kura, na Dada Droo ndiye aliyenipendekeza. Amethibitishwa kazini, nami nilipiga makofi kuliko wote.

Tatizo dogo. Mchoraji hataki sukari. Mhasibu anataka tangawizi, ila si siku za mama mkwe kumfungashia chupa. Fundi Mitambo akiwa na harusi anakunywa maji moto tu, na hapo zamu ya kuosha inamwangukia Mchoraji, isipokuwa Bosi akiwa na wageni. Basi nimefungua faili. Moja. Kila kitu kimo humo: vikombe, zamu, birika, wageni. Limeshakuwa refu kiasi. Analielewa mtu mmoja tu, na huyo ni mimi. Anayetaka chai anapita mezani kwangu kwanza.

Leo chai imechelewa kwa sababu nilikwenda kwa daktari wa meno na hakuna aliyejua birika ni zamu ya nani. Dada Droo amenishauri kwa heshima tuligawe: sukari kivyake, zamu kivyake. Nikamweleza, kwa upole kama mkubwa wake kazini, kwamba haliwezi kugawanyika, kila kitu humo kinategemea kingine. Akacheka mpaka akashika meza. Sijui alichekea nini.

Alipoondoka nikaongeza mstari katikati, wa yale maneno ambayo kompyuta huyaruka. Pacha, usiguse hapa. Nimeenda kununua sukari.