Kofia Tano kwa Wiki Tatu

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Wakwe wamekuja kunywa kahawa. Bi Wadha, mama yake Yaqdhan anayemuoa Hajar wangu, kaisifu kofia ya viua, ya maua madogo ya sindano, niliyomshonea mwanawe siku ya posa. Kauliza imenichukua muda gani. Kweli yake ni miezi miwili, na macho yangu yote. Nikasema siku nne! Nikaongeza kuwa mkono mwengine nnakoroga mchuzi. Basi kaniagizia tano za nduguze bwana harusi. Harusi wiki tatu zijazo. Wageni walipotoka, Baba Hajar akasema, "Mama Hajar, mdomo wako unashona upesi kuliko mkono."

Jumanne, 14 Oktoba

Siku tisa, kofia moja, nayo nusu. Vidole vinauma. Nnaogopa Bi Wadha atasema mama muongo, mtoto je? Lakini nimepata shauri. Sokoni Matrah zinauzwa kofia za mashine, nzuri tu. Nitanunua tano, nizifue mara mbili zilainike, nizifukize udi. Nani atajua?

Ijumaa, 17 Oktoba

Kajua. Nimempelekea Bi Wadha mwenyewe nyumbani kwake, pamoja na sahani ya halwa. Kazipanga mapajani, kavaa miwani, kazigeuza moja moja. Kisha akasema polepole, "Bibi yangu, maua yote haya, hata moja halikuchoka." Mkono wa mtu huchoka, mashine haichoki. Khalas, yamekwisha. Baya zaidi, kauliza kama na ile ya posa ni ya dukani. Ile yangu! Nimeapa, nimelia. Yaqdhan, maskini, alikuwapo kaivaa; kaivua kichwani akaitazama. Halwa hakuna aliyeigusa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bi Wadha kaja bila ya kupiga simu. Kasema nishone aone. Ua moja, saa nzima. Kalilinganisha na la posa. Kacheka. "Mkono huu unao, ulikuwa unataka nini tena?" Nikampa vitumbua. Tumekubaliana: ndugu watavaa za dukani, na kila mtu ajue ni za dukani. Yangu ataivaa bwana harusi peke yake. Tumekula, tumemsengenya kidogo fundi wa nguo za Hajar. Moyo umetua. Nimejiapia: kuanzia leo ukweli mtupu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Harusi imepita, alhamdulillahi. Hajar kang'ara, nimelia kidogo tu. Bi Jawaher, msimamizi wa darasa la ushoni la kina mama, kauliza nani kashona kofia ya bwana harusi. Bi Wadha kanitaja kwa sauti, mbele ya watu wote. Bi Jawaher kauliza, siku ngapi? Nikajibu miezi miwili. Kweli tupu! Nikajihisi mwepesi. Kisha kauliza kama naweza kuwafundisha wanawake ishirini, na kuyachora maua kwenye kompyuta. Nikamwambia kompyuta ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi, nnawachorea mpaka watu wa Dubai.

Darasa linaanza Jumatatu. Hajar yuko fungate. Nani atanionesha kompyuta inawashwa wapi?