Kopi Tatu za Cucu Njambi

Jumatatu, 11 Agosti

Mimi ni mtu wa bahati. Niandike hapa ijulikane: miaka yote hii ya kupiga picha, sijawahi kupoteza hata moja. Wenzangu kila siku ni kilio, mara kadi imekufa, mara kompyuta imemwagiwa chai. Mimi, hakuna. Kamera zenyewe zinaniogopa.

Na sasa nimeangukia kazi tamu. Nyumba kubwa Lavington, hapa Nairobi, ya Cucu Njambi, yaani Bibi Njambi, mama wa miaka tisini. Mwanawe Haron amekuja kutoka Kanada kwa wiki moja tu, anataka kila siku ipigwe picha. Nitalala hukohuko, chumbani kwa Isaiah, soja wa geti, mtu wa kwetu Vihiga.

Kwangu ni Kangemi, ng'ambo tu ya barabara ya Waiyaki Way. Upepo ukikaa vizuri namsikia kuku wa jirani yangu. Lakini safari ni safari. Nimefunga begi. Kompyuta nimeiacha nyumbani ipumzike.

Asubuhi nilipitia tauni, katikati ya jiji, mtaa wa Luthuli, nikanunua flashi ya kuhifadhia picha. Kuna Mzungu wa mtandaoni alisema mpiga picha akiwa safarini awe na kopi tatu za kila picha. Akaendelea kueleza namna ya kuziweka, bando ikaisha. Lakini tatu nilisikia.

Mtu wa video ni Obuya. Koti lake lina mifuko kama kabati. Ana laptopu na diski mbili, na kila jioni moja anairudisha kwa mkewe Kileleshwa. Nikamuuliza kama diski nayo hupikiwa. Akasema hupikiwa, na inakula kwa adabu kunishinda.

Jumanne, 12 Agosti

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Cucu ana watoto wanne, na tangu baba yao azikwe hajapata picha yao wote pamoja. Haron na kakake Kiarie walikosana juu ya shamba la Limuru, salamu zikaisha. Leo wote wanne walifika, hata Kiarie. Cucu akamwambia akae, akakaa. Akamwambia Haron asogee, akasogea. Wamekaza nyuso kama wanapigwa picha za kitambulisho.

Nikawaambia kwetu ndugu wakikosana tunawafungia zizini na ng'ombe mmoja mpaka wakubaliane nani atamkamua. Uongo, lakini Kiarie alicheka, Haron akafuata, Kiarie akamshika bega. Cucu akageuka kuwatazama. Nikabonyeza.

Moja tu. Kiarie alimaliza chai yake akarudi Nyeri. Cucu akanishika mkono, akasema hiyo picha ataenda nayo. Sikuuliza wapi.

Jioni nikampa Obuya kadi yangu, aiweke kwa laptopu aone mwanaume anavyopiga picha. Alikaa nayo sana, anabonyezabonyeza. Wivu. Nikamwachia apone polepole, nikaenda kula.

Jumatano, 13 Agosti

Kadi imejaa. Nikaazima laptopu ya Debra, mjukuu wa Cucu, nikahamishia kila kitu kwenye flashi. Mara tatu. Folda ya kwanza Kopi 1, ya pili Kopi 2, ya tatu Kopi 3. Yule Mzungu angeniona angenipa cheti. Halafu nikafuta kadi, ikabaki safi kama sahani ya mwanafunzi wa bweni. Flashi naivaa shingoni.

Obuya akauliza kopi zangu ziko wapi. Nikamwonyesha shingo. Akauliza, zote? Nikamwambia zote, na zinaelewana vizuri. Akanitazama kama daktari. Akasema, omera, ndugu yangu, kwako hapo mtu anafika na slipa, si uende uziweke kwa kompyuta. Nikamwambia mtaalamu hakatizi safari. Pia kulikuwa na chapati.

Ijumaa, 15 Agosti

Karamu ya kumuaga Haron. Mbuzi, majirani, hema. Spika ya kukodi ikakataa kila kitu, inataka flashi tu. Nyimbo ziko kwa laptopu ya Debra, na flashi hana. Watu wakaanza kutazamana kama wako matanga. Nani alijitolea? Mimi huyu. Nikaivua shingoni, nikampa.

Baadaye akanifuata jikoni, ubavu wa mbuzi uko mkononi mwangu, akasema flashi imejaa. Nikamwambia afanye vile anaona, hapa ni kwao. Muziki ukalia. Cucu akacheza na bakora yake, Haron akalia kama mtoto. Nimepiga picha mpaka kidole kimevimba. Siku njema kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefungua flashi. Nyimbo mia mbili. Picha, sufuri.

Debra hana hata wasiwasi. Amesema aliona folda tatu, zote zimeandikwa kopi, akazifuta. Ati kitu kikiitwa kopi, si orijino iko mahali? Msichana wa chuo kikuu. Orijino niliifuta Jumatano kwa mkono wangu.

Haron anapanda ndege usiku. Kiarie hashiki simu. Nikapanga mpango: Kiarie alisahau kofia yake, basi Isaiah aivae, akae karibu na Haron, ageuze uso kidogo. Isaiah alikubali, ila akanikumbusha kwamba Kiarie ni mfupi na yeye ni mlingoti. Tukiwa kwenye mazoezi Cucu akatokea. Akauliza soja wake anafanya nini na kofia ya mwanawe. Nikasema tunapima mwanga. Akaniambia niharakishe picha yake, msumari umeshapigwa ukutani.

Nikaenda kuuona. Umepigwa kweli, juu ya kiti chake. Chai ikanishinda kumaliza, na hiyo haijawahi kutokea.

Nikamwendea Obuya, nikamwambia yote. Aliendelea kukunja waya zake. Akasema kadi ya mtu ikiingia kwa laptopu yake, mkono wake unanakili wenyewe, ni kama ugonjwa. Jumanne alibeba kadi yangu nzima. Diski moja anayo hapa, nyingine iko Kileleshwa inakula.

Akafungua. Cucu yule pale, na mkono wa Kiarie begani kwa Haron. Nikamkumbatia Obuya pamoja na mifuko yote. Akaniambia niache, kuna lenzi humo.

Tulienda tauni tukaichapisha kubwa. Haron aliitundika mwenyewe kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Cucu akageuza kiti chake, akakaa akiiangalia kama anatazama habari.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepeleka kuku mzima Kileleshwa. Mke wa Obuya akauliza ni wa nini, nikamwambia ni wa diski.

Nami nimefunzwa. Kosa lilikuwa jina. Nimenunua flashi kubwa zaidi, Obuya akanirudishia picha zangu, na safari hii nimeziweka mara tisa. Hakuna hata moja inayoitwa kopi. Ni Orijino 1 mpaka Orijino 9. Nani sasa atathubutu kufuta? Za karamu pia zimo. Kadi nimeisafisha.

Isaiah ameomba flashi mpaka kesho, atie nyimbo za kwaya, ati geti lina upweke. Nimempa. Moyo wangu ndio huo.

Halafu ile ya Jumatatu, kwamba sijawahi kupoteza picha. Si kweli. Nimepoteza harusi mbili, na ubatizo wa mtoto wangu mwenyewe.