Mishale Yangu Kwenye Njia ya Reli

Jumanne, 4 Machi
Klabu ya matembezi inataka njia ya reli ya zamani, ile ya msituni, iwe ya watembea kwa miguu. Jumamosi wataitembea kwa mara ya kwanza, kisha watamchagua msimamizi wake. Nani kama si mimi? Jirani naye kajitokeza. Eti alifanya kazi reli miaka thelathini. Nikamkumbusha kwamba reli zenyewe zilishang'olewa. Nimeomba kuchora alama za njia, wamekubali.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi imekwisha, tena ya kutukuka. Nilikwenda peke yangu kutoka shuleni, yatakapoanzia matembezi, mpaka daraja la zamani katikati ya msitu, yatakapoishia. Kwenda nilikuwa nakagua tu. Kurudi ndipo nikapaka rangi: mshale mwekundu kila hatua hamsini, ukielekea kule ninakokwenda. Nilipofika shuleni rangi ilikuwa imebaki, nikaendelea kupaka mpaka getini kwangu. Jirani alitaka kuja kutazama. Nilimwambia asiyasumbue magoti yake.

Jumamosi, 8 Machi
Tangu asubuhi nilikuwa darajani kuwapokea, suti imepigwa pasi, hotuba mfukoni. Saa sita, kimya. Saa nane nikawahutubia nyani. Mmoja alibaki mpaka mwisho.

Jioni nikarudi nyumbani. Lo! Watu ishirini na watatu wamejaa uani kwangu. Walikusanyika shuleni, wakafuata mishale, dakika tano wakabisha hodi. Mama watoto alikuwa kasukwa nusu kichwa. Jirani kawasimulia habari za reli siku nzima, tena amekalia kiti changu. Wamemchagua yeye. Imeniuma, sifichi. Mama watoto akaniuliza mishale ile ni ya kwenda au ya kurudi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jumatatu, 10 Machi
Barua ya klabu: nifute mishale yote. Kazi nyeti kama hiyo hapewi mtu yeyote tu.

Nimetafakari sana. Watu ishirini na watatu, na hakupotea hata mmoja. Wote walifika pale mishale ilipowaelekeza. Klabu gani imewahi kupata bahati hiyo?

Nimewajibu kwa adabu kwamba usimamizi ni cheo kidogo, namwachia jirani kwa moyo mweupe. Mimi nagombea uenyekiti. Nilipomsomea mama watoto barua hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kama ananionea fahari kiasi hicho.